Tindo Limevunjika, Jiko Limepasuka: Soma Uso wa Mvunjiko Kabla ya Kulaumu Malighafi

Fundi mmoja aliniletea vipande viwili vya tindo vilivyofungwa kwa gazeti, akaviweka juu ya meza ya karakana yetu hapa Kisumu na kusema, "Mwalimu, springi za siku hizi hazina chuma ndani." Tindo hilo alikuwa amelifua mwenyewe kutokana na springi ya lori. Nilipomhoji zaidi, alikiri kwamba kipande kingine cha springi hiyo hiyo kilimpa tindo la pili, ambalo mpaka siku ile lilikuwa likikata nondo bila taabu. Hoja yake ilijikwaa hapo hapo. Chuma kilikuwa kimoja, na kilichotofautiana ni jinsi chembe zake zilivyojipanga ndani baada ya kupita katika moto wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafua vyuma, wafinyanzi wa majiko, waashi na maseremala ambao kazi yao hurudishwa na wateja ikiwa imevunjika. Unaanza na dalili inayoonekana kwa macho, kisha unarudi nyuma hadi kwenye sababu. Malighafi mbovu zipo, sikatai, lakini katika vitu vingi nilivyowahi kuvichunguza tatizo lilikuwa katika muundo, yaani mpangilio wa punje, vinyweleo (vitundu vidogo vya ndani), tabaka na nyuzi, au katika umbile la uso, yaani mikwaruzo na kona zake.

Namna ya kuutazama uso uliovunjika

Kosa la kwanza hutendeka dakika chache tu baada ya kitu kuvunjika, pale mwenyewe anapochukua vipande viwili na kuvibana pamoja aone kama vinaoana, kwa kuwa kusuguana huko huponda vilele vidogo ambavyo ndivyo vilivyobeba habari yote. Viweke mbalimbali. Viondolee vumbi kwa brashi laini, usivipige msasa, na kama ni chuma ambacho hutakichunguza siku hiyo kipake oili kidogo, kwa maana unyevu wa kando ya ziwa unaweza kukitia kutu kwa usiku mmoja. Kisha simama mlangoni asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, ukigeuzageuze kipande mpaka mwanga uupige uso kwa ubavu. Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya fundi saa, inatosha kabisa.

Tindo, panga au shoka limevunjika ghafla bila kupinda

Tazama kwanza kama uso unametameta. Chuma hujengwa kwa fuwele ndogo zilizoshikana, ambazo ndizo tunazoziita punje, na ukubwa wake hutegemea joto na muda. Uso unaong'aa kwa nukta kubwa kama sukari ya mezani unaonyesha kwamba chuma kilipashwa moto kupita kiasi, au kiliachwa motoni muda mrefu, punje kubwa zikazimeza ndogo. Uso wa kijivu usiometa, laini kama majivu yaliyochekechwa, ni wa punje ndogo. Katika chuma cha punje ndogo ufa hulazimika kubadili mwelekeo kila baada ya hatua fupi, na kuteleza kwa tabaka za atomi ndani ya punje hukwama kwenye kila mpaka. Ndiyo maana punje ndogo huongeza nguvu na kupunguza wepesi wa kuvunjika kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni adimu, kwani njia nyingine nyingi za kukiongezea chuma ugumu hukifanya kiwe chepesi zaidi kuvunjika. Uhusiano kati ya ukubwa wa punje na nguvu ya chuma uliandikwa kihesabu na wanasayansi E. O. Hall mwaka 1951 na N. J. Petch mwaka 1953, ingawa wafua vyuma walikuwa wakiusoma kwa macho tangu zamani.

Tindo la yule fundi lilikuwa na punje za aina ya sukari. Nilimuuliza alilipasha moto kiasi gani, naye akajibu kwamba alivukuta mpaka likakaribia weupe "ili maji yashike vizuri". Chuma cha springi kwa kawaida kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, na joto linalofaa kabla ya kukitosa, yaani kukizamisha kipoe ghafla, ni nyuzi 830 hadi 870 hivi za Selsiasi, ambazo zikitazamwa kivulini ni wekundu unaoelekea rangi ya chungwa, mbali sana na weupe. Asiye na kipimajoto atumie sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kinapofika karibu nyuzi 770, kwa hiyo ukiona haishiki tena, ongeza moto kidogo hadi rangi ipande kwa kiasi cha kuonekana tu, kisha tosa. Kazi hii ifanyiwe kivulini, kwa sababu rangi inayoonekana ya wastani kwenye jua la saa sita inaweza kuwa tayari imepita kiasi.

Chuma kilichokuza punje hakihitaji kutupwa. Kipashe moto mpaka kidogo juu ya pale sumaku inapoacha kushika, kiache kipoe chenyewe hewani mpaka wekundu wote uondoke na weusi urudi, urudie hivyo mara tatu. Kila kinapovuka joto lile fuwele hujipanga upya, na punje mpya huzaliwa zikiwa ndogo. Fundi alikifanyia kipande kirefu cha tindo lake kazi hiyo mbele yangu. Tulipokivunja ncha kwa makusudi, uso ulikuwa wa kijivu mtupu, naye akakinusa kipande kile kana kwamba harufu pia ingekuwa imebadilika.

Iwapo punje ni ndogo na bado tindo limevunjika kama chupa, sababu inayofuata ni kwamba lilitoswa lakini halikupunguzwa ukali wake. Chuma kinapopozwa kwa ghafla, kaboni hunaswa ndani ya fuwele kabla haijapata nafasi ya kutoka, fuwele zikavutika na kukaa katika mkazo mkubwa, na mkazo huo ndio unaoleta ugumu pamoja na wepesi wa kuvunjika. Lisugue tindo mpaka ling'ae, kisha lipashe moto polepole kuanzia kisogoni huku ukitazama utando wa rangi ukitambaa kuelekea makalini: rangi ya majani makavu karibu na nyuzi 220, kahawia karibu na 250, zambarau karibu na 280 na buluu karibu na 300. Kwa tindo la kukatia chuma mimi husimamia zambarau. Panga, ambalo hukutana na visiki na mawe, liache lifike buluu, hata kama litahitaji kunolewa mara nyingi zaidi.

Dalili ya tatu ni uso wenye rangi mbili, sehemu moja nyeusi au ya kahawia na nyingine safi. Sehemu ile ya giza ni ufa uliokuwepo kabla, uliofunguka wakati wa kutosa na kupata utando wa joto au kutu, wakati sehemu safi ndiyo iliyovunjika siku ya mwisho. Mara nyingi chanzo huwa ni kukitosa chuma cha springi katika maji, ilhali kinataka oili iliyopashwa joto kidogo, au ni kona kali iliyoachwa na tupa. Oili hiyo iwe ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko karibu, maana huweza kushika moto, na mwenye kutosa asiinamie juu yake.

Makali hayakai, panga linapinda

Hapa uwezekano wa malighafi isiyofaa ni mkubwa. Nondo nyingi na vyuma vya kawaida vya kuchomelea vina kaboni kidogo, chini ya asilimia 0.3, na havitashika ugumu wa maana hata ukivitosa mara kumi. Lakini kabla ya kuamua hivyo, jaribu kupitisha tupa. Ikiwa tupa inakata ngozi ya juu kwa urahisi kisha inaanza kuteleza ndani zaidi, basi kaboni ya ngozi hiyo iliungua kwa kukaa motoni muda mrefu penye hewa nyingi, na dawa yake ni kuisaga ngozi hiyo hadi ufikie chuma kizima.

Ekseli au mkono wa pedali umevunjika baada ya miezi mingi ya kazi

Wenye bodaboda na baiskeli hueleza kwamba chuma "kiligeuka punje" kwa mitetemo ya barabara. Maelezo hayo si sahihi, kwa kuwa chuma kilikuwa na punje tangu kilipotoka kiwandani. Kilichotokea ni uchovu wa chuma: mzigo mdogo, usioweza kukivunja kwa mara moja, ulirudiwa maelfu ya mara, na kila mara ukausogeza ufa kidogo sana mbele.

Uso wa mvunjiko wa namna hii hutambulika mara moja. Upande mmoja ni laini, una mistari iliyopinda inayofuatana kama ile ambayo mawimbi huiacha kwenye mchanga wa ufuo wa Dunga maji yanaporudi nyuma, na mistari hiyo yote huzunguka nukta moja. Upande wa pili ni wa kukwaruza, nao ndio uliobaki ukiubeba mzigo wote hadi siku ya ajali. Fuata mistari kurudi kwenye nukta ile, nawe utakuta alama ya tindo, tone la kuchomelea lililodondoka hapo kwa uzembe, shimo la kutu, au kona iliyochongwa kwa pembe kali mahali ambapo kipenyo kinabadilika.

Nguvu ya kitu kigumu, kwa hiyo, haiko ndani peke yake. Mwaka 1920 mhandisi A. A. Griffith alionyesha kwamba kioo ni dhaifu kuliko inavyotarajiwa kutokana na nguvu ya vifungo vyake vya atomi kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo, ambazo hukusanya mkazo kwenye ncha zake. Kioo hukatwa dukani kwa mkwaruzo mmoja tu wa kikatio kwa msingi huo huo. Unapochonga ekseli mbadala, zungusha kila kona ili isiwe na pembe, na msasa wa mwisho uende kwa urefu wa ekseli, kwa kuwa mikwaruzo inayouzunguka mwili wake ni nyufa ndogo zilizokwisha kupangwa tayari katika mwelekeo mbaya.

Bati linapasuka kwenye mkunjo

Bati lililopitishwa kwenye rola kiwandani lina mwelekeo: fuwele zake zimelazwa upande mmoja, na uchafu uliokuwemo umerefushwa kama nyuzi. Ukitazama kwa makini utaona mistari hafifu. Mkunjo mkali ukienda sambamba na mistari hiyo hupasuka kwa urahisi, na ukiikata mistari kwa upana huvumilia zaidi. Panga michoro yako juu ya bati kabla ya kukata, hata kama utapoteza kipande kidogo. Mkunjo uliokunjwa, ukanyooshwa na kukunjwa tena ni jambo lingine, kwani chuma hujigandamiza na kuwa kigumu kila kinapopindwa kikiwa baridi, kama waya unaokatwa kwa kupindwa huku na huku.

Sufuria ya kusubu inavuja au ina vishimo

Kata kipande palipo na tatizo uangalie umbo la vishimo. Vishimo vya mviringo, vyenye kuta laini, vimetokana na gesi. Alumini iliyoyeyuka hubeba haidrojeni nyingi kuliko alumini iliyoganda, na haidrojeni hiyo hutoka katika unyevu wa vyuma chakavu, wa mchanga wa kalibu (umbo linalomiminiwa metali) na hata wa vijiko vya kuchotea, hivyo inapoganda gesi hukosa pa kwenda. Kausha kila kitu, usiyeyushe kwa moto wa kupindukia, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na kadiri unavyozidi ndivyo inavyonyonya gesi zaidi. Kuna sababu ya kukausha iliyo kubwa kuliko sufuria: chuma chenye maji kikizamishwa katika alumini iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha alumini hiyo usoni mwa mtu.

Vishimo vyenye kingo za kuparuza, ambavyo ndani yake lenzi huonyesha vimiti vidogo vyenye matawi, vimetokana na kunywea kwa metali wakati wa kuganda. Hivyo hujitokeza penye unene mkubwa, kama vile kwenye vishikio. Hapo kalibu ipewe hifadhi ya metali ya ziada juu ya sehemu nene, ili sehemu hiyo iendelee kulishwa mpaka igande.

Sehemu ya udongo ya jiko la makaa imepasuka

Juu ya hili nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko ushauri mbaya ulikojaa. Mfinyanzi anapoambiwa majiko yake yanapasuka, wazo la kwanza ni kuchekecha udongo uwe laini zaidi na kuuchoma mpaka uwe mgumu zaidi, na kwa kufanya hivyo huongeza tatizo. Jiko halivunjwi na uzito wa sufuria. Huvunjwa na upande wa ndani kutanuka kwa moto wakati upande wa nje bado ni baridi. Udongo laini uliobanana huuachia ufa njia iliyonyooka kutoka ukingo hadi kitakoni, lakini udongo wenye chembe za vigae vilivyosagwa, mchanga au vinyweleo hukatiza njia hiyo, ufa ukaingia katika tundu na kukosa ncha kali ya kuusukuma mbele. Vyungu vya kupikia vya wafinyanzi wa kando ya ziwa vilikuwa na umbile la kukwaruza kwa sababu hiyo hiyo, na yule anayeviona kuwa vya kishamba kuliko sahani za kaure hajawahi kuweka sahani ya kaure juu ya makaa.

Kwa wanaofanya kazi karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero, makapi ya mpunga ni neema: yakichanganywa na udongo huungua tanurini na kuacha vinyweleo, ambavyo vilevile huzuia joto lisipotee ubavuni. Kila kinyweleo, hata hivyo, hupunguza nguvu, na jiko lenye makapi mengi mno litamomonyoka midomoni. Anza na kiasi kidogo, choma vipande vya majaribio, uongeze hatua kwa hatua.

Sasa vunja kipande kilichopasuka utazame katikati. Kiini cheusi kilichozungukwa na wekundu kinasema kwamba moto ulipanda haraka, au hewa ilikuwa chache, kiasi kwamba mabaki ya mimea ndani ya udongo hayakuungua. Kama nyufa zilionekana jiko likitolewa tanurini, chunguza upoaji, hasa karibu na nyuzi 573, ambapo fuwele za kwazi, madini magumu yaliyo katika mchanga, hubadili mpangilio na ujazo wake kwa ghafla. Tanuri lililofunguliwa mapema ili wateja wa siku ya soko wapate bidhaa hupita kiwango hicho kwa mrukio. Na kama nyufa zilikuwepo kabla ya kuchomwa, usilihangaikie tanuri hata kidogo, kwa sababu tatizo ni ukaushaji: ukingo mwembamba ulikauka na kunywea mbele ya kitako kinene. Funika ukingo kwa nailoni siku za kwanza.

Anayetilia shaka uzito ninaoupa muundo na afike Kariandusi, karibu na Gilgil katika Kaunti ya Nakuru. Huko huchimbwa diatomaiti, mwamba mweupe uliotokana na magamba ya viumbe wadogo wa ziwa la kale, mwepesi na uliojaa vinyweleo, ambao hutumika kuchujia na kuzuia joto. Katika eneo hilo hilo waliishi watu wa kale waliochonga mashoka ya mkono kwa obsidiani, kioo cheusi cha volkeno, ambacho hakina mpangilio wa fuwele na kwa hiyo huvunjika kwa mikunjo kama ya kombe, na makali yake hukata kama wembe. Mchanga mweupe wa kwazi ni wa fuwele zilizopangika. Silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ndiyo msingi wa vyote vitatu, lakini hakuna mtu atakayechonga kisu kwa diatomaiti.

Tofali linamomonyoka, zege linavunjika

Tofali ligonge kwa lingine. Likitoa mlio wa kengele, udongo wake umeshikana kwa kuyeyuka kidogo tanurini, na likitoa mlio mfu, lilikuwa mbali na moto. Lilaze ndani ya maji usiku kucha uone kama kona zinalainika.

Katika zege, angalia ufa ulikopita. Ukiwa umepasua kokoto zenyewe, saruji ilifanya kazi yake. Ukiwa umezizunguka, na mashimo ya kokoto yamebaki safi kama ganda la yai, mshikamano ulikuwa dhaifu: kokoto zilikuwa na vumbi au udongo, zilikuwa laini na za mviringo kutoka mtoni, au maji yalizidi. Saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili kukamilisha ugandaji, na mengi ya yanayozidi hapo hutoka na kuacha vinyweleo. Mfuko wa kilo 50 uliopewa lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu wa mchanga, hutoa zege linalofaa kazi nyingi. Mwashi anayeongeza ndoo "lishuke vizuri" anaongeza matundu.

Mpini umekatika, mbao imejikunja

Mpini mzuri huvunjika kwa vibanzi virefu. Uliokatika kwa mshazari, uso ukiwa laini, ulichongwa nyuzi zikitoka ubavuni, na hakuna ubora wa mti utakaouokoa. Mbao nayo hunywea karibu mara mbili zaidi kwa kufuata duara za ukuaji kuliko kuelekea kiini, na kwa urefu hainywei kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo mbao iliyopasuliwa pembeni mwa gogo hubonyea upande wa gome ikikauka. Mkalitusi husumbua kuliko msaipresi. Kausha kwanza, kisha ndipo uranda.

Iwapo uso wa mvunjiko umekwisha kuharibika

Wakati mwingine kitu hufika kikiwa kimesagwa, kimechomelewa tena au kimeshika kutu mpaka hakisomeki. Usikisie. Kata kipande cha urefu wa kidole kutoka katika chuma kile kile, kitie mkato mdogo katikati kwa msumeno, kifanyie yale yale aliyofanya mwenyewe kwa moto na oili, kisha kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito na kukivunja kwa nyundo moja. Fanya hivyo kwa vipande vitatu vya joto tofauti, uviandike namba, na kuvipanga juu ya dirisha kwa mfuatano wa punje. Vyetu vipo bado juu ya dirisha la karakana, vimepakwa oili, na fundi anayeingia na tindo lililovunjika huelekezwa huko kwanza, akaonyeshe kwa kidole ni kipi kinachofanana na chake.